Sarafu Iliyobadilika Rangi na Sarafu Yenye Kosa la Kiwandani: Jinsi ya Kuzitenganisha

Mtu anapokuta katika chenji yake robo dola ya Marekani iliyo nyekundu upande mmoja, au senti moja inayong'aa kama fedha, wazo linalomjia kwanza ni kwamba ameokota kitu adimu kilichoponyoka kiwandani. Mara nyingi sana sivyo. Rangi ndiyo huonekana mapema kuliko kitu kingine chochote, lakini ni shahidi dhaifu, kwa sababu karibu kila rangi inayoweza kuzaliwa na kosa la kiwandani inaweza pia kuzaliwa na udongo, moto, asidi au somo la kemia shuleni. Kinachozitenganisha sarafu hizi mbili ni wakati: rangi hiyo ilikuwapo kabla muhuri haujashuka juu ya madini, au ilikuja baadaye? Anayeweza kulijibu swali hilo kwa ushahidi amekwisha kuamua, na asiyeweza hana budi kuihesabu sarafu yake kuwa imebadilika rangi tu, hata kama moyo unamwambia vingine.

Mpaka uko kwenye pigo

Sarafu huanza kama bamba refu la madini linalopitishwa kati ya magurudumu mazito mpaka lifikie unene unaotakiwa. Kutoka kwenye bamba hilo hukatwa visahani, yaani vipande vya duara visivyo na picha wala maandishi, ambavyo huingizwa katika tanuri ili vilainike, huoshwa, hukaushwa, huinuliwa ukingo, na mwishowe hukandamizwa kati ya mihuri miwili kwa nguvu ya makumi ya tani. Kosa linalogusa rangi hutokea karibu kila mara kabla ya hatua hii ya mwisho, yaani pigo: aloi (mchanganyiko wa madini) ilichanganywa vibaya, tabaka lilibanduka, kisahani hakikuchovywa madini yake ya juu, tanuri iliingiza hewa, au kisahani cha sarafu nyingine kilipotea njia. Muhuri unaposhuka, rangi hiyo hubanwa pamoja na madini yenyewe, ikavutwa juu ya kuta za herufi na kulazwa laini kwenye uwanja wa sarafu, yaani sehemu tambarare isiyo na picha wala maandishi.

Rangi iliyokuja baada ya pigo haijawahi kubanwa na kitu. Imekaa juu ya picha iliyokwisha kukamilika, kama vumbi lilivyokaa juu ya sanamu: hujazana kwenye pembe za herufi, hufuata njia ya tone lililokauka, huacha alama ya kidole, au hukoma ghafla mahali ambapo sarafu nyingine iliifunika. Ipo pia dalili ya mng'ao. Madini yanapotiririka kuelekea ukingoni chini ya muhuri huacha mifereji midogo mno, na mifereji hiyo ndiyo huifanya sarafu mpya, inapozungushwa chini ya taa, ionekane ina mihimili ya mwanga inayozunguka nayo. Asidi na udongo huanza kwa kuila mifereji hiyo. Mhimili wa mwanga ukipita juu ya sehemu yenye rangi bila kukatika, hoja ya kosa inapata nguvu. Ukizimika palepale rangi inapoanzia, hoja hiyo inadhoofika.

Vifaa vinavyohitajika si vingi: mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu, lenzi ya kukuza mara 10, sumaku, na taa moja inayoweza kusogezwa. Mizani ya jikoni haifai, kwa kuwa tofauti zinazoamua jambo hili mara nyingi hazifiki gramu moja.

Nyekundu upande mmoja

Tangu 1965 robo dola na senti kumi za Marekani hutengenezwa kwa kiini cha shaba tupu kilichobanwa kati ya matabaka mawili ya aloi yenye shaba asilimia 75 na nikeli asilimia 25. Kila tabaka ni takriban sehemu moja ya sita ya uzito wote. Tabaka moja likibanduka kabla ya kisahani kupigwa chapa, upande huo hutoka mwekundu kabisa, na kosa hilo ni la kweli na linatafutwa na wakusanyaji. Tatizo ni kwamba robo dola iliyolala ardhini miaka kadhaa nayo hutoka na wekundu unaofanana sana na huo.

Hapa mizani husema wazi. Robo dola kamili ina gramu 5.67, na kiwango kinachokubalika kiwandani hakizidi wala kupungua zaidi ya gramu 0.227. Iliyokosa tabaka moja hushuka hadi karibu gramu 4.7. Kwa senti kumi, ambayo uzito wake kamili ni takriban gramu 2.27, tabaka likikosekana mizani husoma karibu 1.9. Sarafu nyekundu yenye gramu 5.6 haijakosa tabaka lolote, imepata doa.

Hata hivyo mizani peke yake inaweza kudanganywa, kwa sababu asidi pia hupunguza uzito. Ndiyo maana ubavu wa sarafu una thamani kuliko nyuso zake zote mbili. Niliwahi kuletewa robo dola ambayo upande wa sura ulikuwa mwekundu wa matofali, bila doa lolote jeupe, na mwenye nayo alikuwa na hakika kabisa. Nilipoisimamisha chini ya lenzi, ubavu ulionesha kile ambacho kila robo dola nzima huonesha: utepe wa shaba katikati, na tepe mbili za kijivu juu na chini yake, zote mbili zikiwa zimepakwa ukahawia lakini zikiwa mahali pake. Ilikuwa na gramu 5.63. Kwenye sarafu iliyokosa tabaka, utepe wa kijivu uko mmoja tu, na shaba hupanda moja kwa moja mpaka kwenye uso mwekundu bila mpaka wowote kati yao.

Iliyotiwa asidi nayo hujisaliti ubavuni. Meno yake, yaani mistari midogo iliyochongwa ubavuni, huwa yamelika na kuwa butu, tepe zote zimekonda, na kwenye nyuso herufi zimekuwa nyembamba kama zilizoandikwa kwa kalamu inayoishiwa wino. Asidi haichagui upande. Hula pande zote mbili. Tabaka linapokosekana, upande wenye tabaka lake hubaki na kawaida yake, na upande mwekundu unaweza kuwa na picha hafifu kidogo kwa kuwa kisahani kilikuwa chembamba na muhuri haukukijaza vizuri, lakini kingo za herufi bado ni kali. Wapo wanaouona uhafifu huo na kudhani ni uchakavu. Uchakavu huanzia sehemu zilizoinuka zaidi, kama shavu na nywele za sura, ilhali uhafifu wa pigo huonekana hata pale ambapo vidole havifiki kwa urahisi.

Senti moja yenye rangi ya fedha

Kabla ya kuipima senti ya Marekani ni lazima kusoma mwaka wake, kwa kuwa katika 1982 aloi ilibadilishwa. Za zamani zina shaba asilimia 95 na uzito wa gramu 3.11, za baada ya hapo ni zinki iliyochovywa shaba, gramu 2.50, na shaba hiyo ni asilimia 2.5 tu ya uzito wote. Mwaka 1982 wenyewe una aina zote mbili, jambo ambalo limewapotosha wengi waliolinganisha sarafu mbili za mwaka huo na kuziona zina uzito tofauti.

Senti ya kijivu iliyotengenezwa baada ya badiliko hilo inaweza kuwa kisahani cha zinki ambacho kiliruka hatua ya kuchovywa shaba. Kosa hili la kweli huacha uzito wa takriban gramu 2.44, rangi ya kijivu yenye ubuluu kidogo, na mng'ao wa pigo usiokatika. Mpinzani wake ni senti ya kawaida ambayo shaba yake imeondolewa kwa kemikali. Zinki huliwa na asidi haraka sana, kwa hiyo ni vigumu mno kuiondoa shaba yote bila kuiumiza zinki iliyo chini. Uso hubaki na chembechembe kama karatasi ya msasa, na lenzi mara nyingi hukuta mabaki ya wekundu ndani ya herufi zenye pembe finyu. Hata pale asidi ilipotumiwa kwa uangalifu, mng'ao wa mihimili haurudi.

Uwezekano wa tatu ndio wa kawaida kuliko yote: senti ya kawaida iliyoongezewa madini juu. Katika zoezi moja maarufu la kemia, wanafunzi huifunika senti kwa zinki mpaka iwe ya rangi ya fedha, kisha huipasha moto, zinki ikachanganyika na shaba na senti ikageuka ya rangi ya dhahabu. Maelfu ya sarafu hizo yamerudi kwenye mzunguko. Mizani hapa huonesha uzito wa kawaida au uliozidi kidogo, wala si uliopungua, na lenzi huonesha ngozi iliyofunika hata mikwaruzo. Dalili hiyo ni nzuri sana. Mkwaruzo uliotokana na matumizi lazima uwe umekuja baada ya pigo, kwa hiyo rangi iliyoingia ndani ya mkwaruzo na kuujaza imekuja baadaye zaidi. Zamani watu walizipaka senti zebaki pia, na yeyote anayeshuku kwamba ngozi ya fedha kwenye sarafu yake ni zebaki asiisugue kwa vidole wala asiipashe moto.

Uwezekano wa nne ndio kila mtu anautamani: senti iliyopigwa kwenye kisahani cha senti kumi. Hii haihitaji mjadala mrefu. Kisahani cha senti kumi ni kidogo kuliko cha senti moja, kwani sarafu hizo zina kipenyo cha milimita 17.9 na 19.05, kwa hiyo sehemu ya maandishi ya pembeni hukosa nafasi, na uzito huwa karibu gramu 2.27, au 2.50 kwa visahani vya fedha vya kabla ya 1965. Senti ya kijivu yenye gramu 3.11, kipenyo kamili na maandishi yote imepakwa tu.

Senti za 1943

Mwaka 1943 shaba ilihitajika kwa ajili ya vita, na senti za Marekani zikatengenezwa kwa chuma kilichochovywa zinki, zenye uzito wa gramu 2.70. Visahani vichache vya shaba vilivyosalia vikapigwa muhuri wa 1943, na mwaka uliofuata vya chuma vilivyobaki vikapigwa muhuri wa 1944. Sarafu za makosa haya mawili ni miongoni mwa zinazojulikana sana duniani, na ndiyo maana zimeigwa kupita kiasi.

Senti nyekundu ya 1943 ikinasa kwenye sumaku ni ya chuma iliyochovywa shaba na mtu, na hapo mjadala umekwisha. Isiponasa, ipimwe: inatakiwa kuwa na gramu 3.11 hivi. Ikipita hapo bado kuna hila ya pili, nayo ni ya kuchonga tarakimu ya mwisho ya 1948 ili isomeke 3. Kwenye sarafu halisi mkia wa 3 hushuka chini ya mstari wa tarakimu nyingine, na sehemu iliyochongwa, ikiangaliwa kwa lenzi, huwa na uwanja uliokwaruzwa usiolingana na uwanja uliobaki. Kwa upande wa 1944 mambo hujigeuza: ya chuma lazima inase na iwe na gramu 2.70, na ile ya kijivu isiyonasa ni shaba iliyopakwa. Tuseme pia kwamba senti za chuma za 1943, zinki yake ikiisha, hufanya kutu na kuwa za kahawia, na ukahawia huo umewapa watu wengi furaha ya bure.

Pale rangi yenyewe inapokuwa kosa

Mpaka hapa mizani na sumaku vimefanya kazi kubwa. Sarafu ya senti tano ya Marekani, ambayo wenyewe huiita nikeli ingawa robo tatu yake ni shaba, huvinyima vifaa hivyo sauti. Aloi yake ni moja kutoka juu mpaka chini. Haina tabaka la kubanduka, na haikamatwi na sumaku. Ikitoka nyekundu, ya rangi ya shaba au nyeusi, inaweza kuwa imezikwa, au inaweza kuwa imeharibikiwa ndani ya tanuri. Katika hali zote mbili mizani itasoma gramu 5.00 au karibu yake, na mizani ikisoma hivyo haijathibitisha chochote.

Kosa la tanuri hutokea hivi. Visahani vinapolainishwa kwa moto, hewa yenye oksijeni inatakiwa kuzuiwa. Oksijeni ikipenya, au visahani vikikaa motoni muda mrefu kupita kiasi, au vumbi la shaba likaganda juu yake, kisahani hupata ngozi nyembamba ya shaba au ya oksidi, yenye rangi kuanzia wekundu hadi kijivu cheusi. Kisahani hicho kikiponyoka hatua ya kuoshwa na kufika kwenye muhuri, sarafu huzaliwa na rangi hiyo. Hili ni kosa la kweli, na wakusanyaji hulitambua.

Ardhini mambo huenda polepole na kinyume chake. Unyevu na chumvi huishambulia aloi kutoka juu, nikeli huondoka kwa sehemu, na uso unaobaki huwa wa shaba shaba, hafifu, usio na uhai. Anayezilinganisha sarafu hizi mbili zikiwa karibu anapaswa kuanza kwa kuinamisha kila moja chini ya taa. Iliyotoka ardhini hunyonya mwanga. Uso wake una vishimo vidogo mno, na rangi imejazana kuzunguka herufi kuliko katikati ya uwanja. Iliyotoka tanurini, kama haijatumika sana, hurudisha mwanga kupitia rangi yenyewe, na mihimili huzunguka juu ya wekundu kama inavyozunguka juu ya sarafu safi. Rangi hubadilika taratibu kutoka sehemu moja hadi nyingine, kama anga la jioni, bila mstari wa maji wala alama ya kidole.

Kisha lenzi ipelekwe kwenye kuta za herufi. Ngozi ya tanuri ilikuwapo muhuri uliposhuka, na ngozi hiyo haivutiki kama madini yaliyo chini yake. Mahali picha ilipoinuka kwa ghafla ngozi huweza kuchanika na kuonesha nyufa nyembamba za madini ya kawaida. Wakati mwingine hubanduka vipandevipande, na chini yake kukawa na uso wa kijivu uliopigwa chapa vizuri. Sarafu ya ardhini haina ngozi ya kubanduka namna hiyo. Kinachotoka ni gamba la uchafu, na chini yake kuna vishimo. Ubavu nao utazamwe. Nikeli hazina meno ubavuni, na ubavu wa sarafu ya tanuri huwa laini na wenye rangi ileile, wakati wa iliyozikwa mara nyingi huwa na madoa na mikunjo iliyoliwa.

Shida huja sarafu ya tanuri inapokuwa imetumika miaka mingi. Mng'ao umekwisha, ngozi imelika sehemu zilizoinuka, uchafu umejaa pembeni mwa herufi, na sasa inafanana na ya ardhini kwa kila hali. Maoni yangu ni kwamba sarafu iliyofikia hapo haistahili kuhesabiwa kosa na mtu anayeitazama nyumbani, kwa sababu ushahidi uliokuwa unaipa sifa hiyo umefutika. Anayedai kosa ndiye mwenye jukumu la kulionesha.

Jambo moja zaidi kuhusu nikeli, kwa kuwa huwachanganya hata wazoefu. Kuanzia 1942 hadi 1945 nyingi zilitengenezwa kwa shaba asilimia 56, fedha asilimia 35 na manganizi asilimia 9, na zinatambulika kwa herufi kubwa ya kiwanda juu ya jengo la Monticello upande wa nyuma. Aloi hiyo hufanya weusi kwa urahisi sana. Weusi huo ni tabia ya aloi iliyokusudiwa, na hauwezi kuitwa kosa.

Michirizi, kufubaa na malengelenge

Senti za shaba za mwanzoni mwa karne ya 20 wakati mwingine huwa na michirizi ya njano na kahawia kama mbao iliyorandwa. Hiyo ni dalili ya aloi isiyochanganyika sawasawa, na alama yake ni kwamba michirizi hukimbia upande mmoja, ikivuka uwanja, herufi na sura bila kujali picha, kwa kuwa ilinyoshwa wakati bamba lilipopitishwa kwenye magurudumu. Doa la kimiminika haliwezi kufanya hivyo. Hujikunja, hutuama, hufuata kingo za picha.

Fedha hufubaa kwa kuungana na salfa iliyo hewani au kwenye karatasi, na utando wake unapokuwa mwembamba hutoa njano, wekundu na buluu kabla ya kufikia weusi. Hapa kanuni ya mng'ao inapata kikomo chake, kwa sababu utando mwembamba huacha mihimili ya mwanga ionekane vizuri. Kwa sarafu ya fedha, basi, mng'ao uliobaki hauthibitishi kosa. Kufubaa kuzuri kunaweza kupendwa na wanunuzi, lakini kunapendwa kama umri, na si kama kosa.

Malengelenge kwenye senti za zinki yako mahali pa ajabu kidogo: mengi yalizaliwa kiwandani kweli, hewa iliponaswa chini ya shaba, lakini ni mengi kiasi kwamba hakuna anayeyatafuta. Lengelenge lililopasuka na kutoa unga mweupe ni ulikaji uliokuja baadaye.

Kuamua cha kufanya

Sarafu ikiwa na uzito wa kawaida, ubavu wenye matabaka yote, na rangi iliyojazana mashimoni, itumike dukani bila majuto. Ikiwa na uzito uliopungua kwa kiasi kinacholingana na tabaka lililokosekana au na kisahani cha sarafu nyingine, na ubavu wake ukakubaliana na mizani, ihifadhiwe kwenye kifuko kisicho na plastiki laini ya PVC, ambayo huacha utelezi wa kijani juu ya shaba. Isisafishwe kwa namna yoyote ya kusugua. Ndimu, siki na dawa ya meno vimeua makosa mengi ya kweli kuliko udongo. Gundi au mafuta yaliyoganda huweza kuondolewa kwa asetoni safi, mahali penye hewa na mbali na moto, kwa kuwa asetoni haigusi madini. Rangi ikiondoka pamoja nayo, ilikuwa rangi ya kupaka.

Kampuni zinazothibitisha sarafu, kama PCGS na NGC za Marekani, hutoza ada iwe sarafu imekubaliwa au imekataliwa, kwa hiyo kuzituma zote kwa kubahatisha ni njia ya kupoteza fedha. Zinazofaa kutumwa ni zile ambazo angalau dalili mbili zisizotegemeana zimekubaliana, kwa mfano uzito na ubavu, au mng'ao na ngozi iliyochanika kwenye kuta za herufi. Kabla ya kutuma ni busara kumwonesha mkusanyaji mzoefu picha, na picha anayoihitaji zaidi ni ile ambayo karibu hakuna anayeipiga: sarafu ikiwa imesimama, ubavu ukiwa mbele ya kamera, na kando yake sarafu nyingine ya kawaida ya aina ileile.